Makinga Maji ya Machakos

Sisi wa Malindi huijua mvua ya bara kabla redio haijaitangaza. Mto Sabaki hugeuka mwekundu, ukaubwaga wekundu huo baharini, na kwa wiki kadhaa maji ya ghuba huwa tope tupu. Wavuvi hulalamika, na wenye hoteli pia. Ufuo wenyewe umekuwa ukipanuka kwa miongo kadhaa. Nyumba zilizojengwa zikipakana na maji leo zimetenganishwa na bahari na uwanda mpana wa mchanga. Kusini kidogo, katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968, tope hilohilo hutua juu ya matumbawe. Udongo huo una kwao. Sabaki ni jina la mwisho tu la mto mrefu: juu yake huitwa Galana, na kabla haujakutana na Mto Tsavo huitwa Athi, na Athi hupita Ukambani. Tangu utotoni nimeujua udongo huo ukiwa umekwisha kuwa uchafu. Nilitaka kuuona ukiwa bado ni shamba.

Nilipanda treni Miritini, Mombasa, mwanzoni mwa Oktoba, ile inayosimama njiani. Huo ndio wakati wa mwisho wa kuchimba mitaro Ukambani. Mvua za vuli huanza mwishoni mwa mwezi huo na kushika kasi Novemba, na kwa wakulima wa huko hizo ndizo za kutegemewa kuliko za masika. Anayetaka mtaro wake uyapate maji ya kwanza hana budi kuwa amemaliza kazi kabla mawingu hayajajikusanya. Tsavo yote ilikuwa kavu, vichaka havina jani, na kila mto mdogo tuliouvuka ulikuwa mchanga mtupu.

Nilishuka mjini Athi River, na hapo ndipo somo la udongo wa mfinyanzi lilipoanza. Uwanda ule wa Athi na Kapiti umetandazwa udongo mweusi wa pamba, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita udongo wa mbuga. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono mzima. Mvua ikianza, maji ya kwanza huzama kwenye nyufa hizo kwa kasi ya ajabu. Kisha udongo hunywa, huvimba, nyufa hujifunga, na kuanzia hapo maji hayana pa kupita; husimama juu, au huondoka. Wajenzi wa huko wanaujua vizuri: huuchimba wote na kuusomba kwa malori mpaka wafike kwenye ardhi ngumu, maana nyumba iliyowekwa juu yake hupasuka kuta kadiri udongo unavyovimba na kunywea. Nilimuuliza fundi mmoja aliyekuwa akisimamia shimo la msingi kama udongo ule una faida yoyote. Akajibu, "Kwa mkulima ipo, kaka. Kwangu mimi ni gharama."

Kutoka hapo matatu hupita Kyumvi na kuingia Machakos, mji uliokuwa kituo cha Waingereza kabla Nairobi haijakuwapo, ukaachwa kando reli ilipopita kwingine. Sikukaa mjini. Shamba nililoalikwa liko nyuma ya milima ya Iveti, kwenye mteremko unaoanza mkali juu na kulala taratibu kuelekea bondeni. Mwenye shamba ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, na wiki ile ilikuwa zamu yake ya kufanyiwa kazi na kikundi cha mwethya. Mwethya ni ule utaratibu wa Wakamba wa kulimiana: leo kwangu, kesho kwako, na mwenye kazi hutoa chakula. Wengi wa waliokuja walikuwa wanawake. Walimwita mwaitu, yaani mama; mimi waliniita mgeni mpaka niliposhika beleshi.

Ukisimama juu ya shamba lile na kutazama ng'ambo, kilima kizima kimekatwa ngazi. Ngazi hizo zina historia yenye uchungu. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti iliyoionyesha nchi ya Wakamba ikielekea kuwa jangwa. Serikali ilikuwa imewabana Wakamba katika ardhi ndogo, kisha ikawalaumu kwa kuichosha. Dawa yake ya kwanza ilikuwa kuwanyang'anya ng'ombe. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba waliandamana mpaka Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko wiki kadhaa kudai mifugo yao. Serikali ikaregeza kamba, lakini Muindi mwenyewe ikampeleka uhamishoni Lamu. Baada ya vita vikuu vya pili ikaja kazi ya lazima ya kuchimba matuta. Mama aliniambia kwamba mama yake alichimba matuta hayo akiwa na mtoto mgongoni na msimamizi nyuma yake, na kwamba uhuru ulipokuja baadhi ya watu waliyaacha yabomoke kwa makusudi.

Yaliyobaki ni yale ambayo wakulima waliyachagua wenyewe. Katika miaka ya 1950 ulienea mtindo wa fanya juu: unachimba mtaro kukingama mteremko, na udongo unautupa upande wa juu uwe tuta. Mvua inaposhusha udongo wa shambani, tuta huuzuia, na kwa miaka michache tu ardhi iliyo nyuma ya tuta hujisawazisha yenyewe ikawa ngazi. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos, kikionyesha jambo ambalo wataalamu wengi hawakulitegemea. Mwaka 1932 wilaya ilikuwa na watu takriban 240,000. Ilipofika 1989 walikuwa karibu milioni 1.4, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Mikono iliongezeka na soko la Nairobi likawa karibu, basi watu wakaona faida ya kuitunza ardhi. Kitabu hicho kimebishaniwa sana, na nilipita makorongo ya kutosha njiani kujua kwamba habari hiyo njema haikufika kila kilima. Lakini kwa shamba nililolikanyaga mimi, kinasema kweli.

Kazi ilianza kwa kamba. Vijiti viwili vya urefu mmoja, kamba ya manila ya mita 10 katikati yake, na pimamaji ndogo imetundikwa nusu ya kamba. Mama mmoja anashika kijiti cha kwanza, wa pili anapanda na kushuka na kijiti chake, wa tatu ameinamia pimamaji akitazama kiputo. "Panda! Teremka kidogo! Hapo, usitikisike!" Kigingi kinapigwa, kijiti cha nyuma kinahamia mbele, na mstari unatambaa kando ya kilima. Jicho halina kazi hapo. Mahali palipoonekana kwangu tambarare kabisa, kamba ilisema pameshuka kipimo cha kiganja. Vigingi vilipokwisha, mama aliupitia mstari wote akavisogeza vichache ili kona kali ziwe mikunjo ya kulimika, akisema kwamba ng'ombe wa plau hawajui kukata kona.

Kabla ya kuchimba alinionyesha jambo. Alichukua donge la udongo, akalitemea mate, akalikanda, akalisokota kati ya viganja mpaka likawa uzi mnene kiasi cha penseli, kisha akaukunja uzi ule ukawa pete. Haukupasuka. "Ukiona pete imekamilika hivi, mwanangu," akasema, "jua maji yatakaa." Udongo wa mchanga haufiki hata kuwa uzi, ule wa wastani huwa uzi lakini hukatika ukiukunja. Wa kwake ulikuwa pete nyekundu kule juu, na pete nyeusi kule chini, kwa sababu bonde lake lina kipande cha udongo wa pamba. Shamba moja, mifinyanzi miwili, na kila mmoja una mtaro wake.

Juu, kwenye wekundu, tulichimba fanya juu: upana sentimita 60, kina sentimita 60. Manyunyu yalikuwa yamepita siku chache kabla, na udongo ulikuwa na unyevu wa kukatika bila kunata. Hilo ni jambo kubwa kwenye mfinyanzi. Ukikauka kabisa unataka sululu na mtu mwenye mgongo wa chuma. Ukilowa, kila pigo la beleshi huupaka ukuta wa mtaro mpaka unang'aa kama mche wa sabuni uliokatwa kwa waya, na ukuta uliong'aa hivyo haunywi maji. Hata katika unyevu ule mzuri, mtaro ulipofika kina chake mama mmoja alipita sakafuni na jembe la meno, akiuchomachoma na kuutifua ili vinyweleo vifunguke. Nilidhani anasafisha. Kumbe hiyo ndiyo tofauti ya mtaro unaonywa na mtaro unaokaa na maji mpaka mbu wazaliane.

Kuutupa udongo juu ni kazi ya kweli. Kati ya mtaro na tuta huachwa kidaraja cha sentimita 20 au 30, la sivyo udongo hurudi shimoni na umefanya kazi ya bure. Tuta nalo halirundikwi tu. Wanaotupa hutupa tabaka moja, wengine hupita wakivunja mabonge na kulikanyaga, kisha linakuja tabaka lingine. Mabonge makavu ya mfinyanzi yakilundikwa yalivyo huacha mapango ndani. Maji hupenya kwenye pango moja, hulipanua, na tuta hutobolewa kutokea chini huku juu likionekana zima. Tulipofikisha kimo, wakapanda vipande vya nepia juu yake, macho mawili ardhini na moja nje. Nepia hushika tuta, na ng'ombe hula. Bila ng'ombe, waliniambia, hakuna ambaye angehangaika kuliweka tuta hai; nyasi inayokatwa kila siku humpeleka mwenye shamba kwenye tuta lake kila siku, na ufa mdogo huonekana mapema.

Wakati wa chakula, tukiwa tumezunguka sufuria ya muthokoi, mama alinifanyia hesabu kwa kijiti mchangani. Naiandika hapa yote kwa sababu ndiyo iliyobadilisha nilivyoutazama mtaro.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kati ya mtaro na mtaro wake kuna kama mita 15 za mteremko. Ikinyesha mvua kubwa ya milimita 30, na nusu yake ikashindwa kuzama, kila mita ya mtaro inapokea lita 225. Mtaro wa sentimita 60 kwa 60 unabeba lita 360 kwa kila mita. Kufikia hapo mkulima anaweza kulala. Lakini mfinyanzi huyanywa maji kwa milimita 1 hadi 5 tu kwa saa, wakati mchanga hunywa zaidi ya 30. Lita 225 ndani ya mtaro ule ni kina cha sentimita 37 na nusu. Kwa udongo unaonywa milimita 5 kwa saa, kina hicho huchukua zaidi ya siku tatu kuisha. Kwa ule wa milimita 1, zaidi ya wiki mbili. Sasa mvua nyingine kama ile inyeshe kesho yake saa hiyohiyo. Kwenye mfinyanzi mzito, zaidi ya lita 70 kwa kila mita zinakosa mahali. Mtaro ukiwa na urefu wa mita 50, hizo ni zaidi ya lita 3,500 zinazotafuta pahali palipo chini kuliko pote kwenye tuta, na zikipapata zitapita hapo zote kwa pamoja. Hivyo ndivyo korongo linavyozaliwa chini ya shamba la mtu mwenye bidii.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye mfinyanzi linahusu kule maji yatakakotokea, na upana na kina huja baadaye. Vijitabu vingi vya kilimo nilivyowahi kuvisoma huanza na kuyavuna maji, kuyazuia, kuyazamisha, na ni sawa kabisa kwa udongo wa kichanga wa nchi kavu. Kwenye udongo wa pete ushauri huo ukiishia hapo ni hatari. Yule mama huanza na mwisho: kabla kigingi cha kwanza hakijapigwa, alikuwa ameshaamua mitaro yote iishie upande gani, na upande huo una mkondo mpana usio na kina, umeota nyasi fupi kutoka juu mpaka bondeni. Kila mtaro wake una mlango wa kumwagia, umeshushwa chini ya kimo cha tuta na kupangwa mawe bapa, unaofungukia kwenye nyasi hizo. Na kule juu kabisa, mpakani na kilima, kuna mtaro mkubwa kuliko yote, wa kuyakata maji ya kilimani kabla hayajaingia shambani. Huo ndio huchimbwa mwanzo. Anayeanzia chini kwa kuwa ni rahisi, maji ya juu yatambomolea yote usiku mmoja.

Bondeni, kwenye weusi, tulibadilisha kila kitu. Hapo mteremko ni mdogo, kwa hiyo tulichimba fanya chini: mtaro wa kina kifupi na mapana makubwa, kingo zimelazwa, na udongo umetupwa upande wa chini. Ni kazi nyepesi zaidi kwa mgongo. Tuta lilikuwa fupi na pana sana, kwani tuta jembamba la udongo wa pamba likikutana na kiangazi hupasuka kutoka upande hadi upande, na nyufa hizo ndizo milango ya mvua ya kwanza. Walilifunika kwa mabua ya mahindi na kupanda nyasi zinazotambaa ili jua lisilifikie. Na kamba ya kupimia nayo ilipewa kazi nyingine. Juu tulitafuta usawa. Hapa kijiti cha pili kilishushwa sentimita 5 kwa kila mita 10, ili maji yatembee polepole kuelekea mkondoni, bila kusimama siku nyingi kwenye mizizi ya maharagwe wala kukimbia kiasi cha kuchimba sakafu. Kule mtaro unakoishia wamechimba bwawa dogo la nduma, maana nduma hupenda miguu yake ikae majini. Ndani ya mitaro ya juu ndimo walimopanda migomba.

Mkondo wa nyasi uko mpakani na jirani, na nusu yake umo katika ardhi yake. Miaka ya nyuma, mama aliniambia, maji ya shamba lake yalikuwa yakishukia kwenye maharagwe ya jirani huyo, na nyumba mbili hazikuwa zikisalimiana. Mzee wa kijiji aliitwa, wakatembea mpakani wote watatu wakati mvua inanyesha, na kila mmoja akatoa ukanda wa ardhi. Jirani mwenyewe alikuja kuchimba siku niliyokuwapo. Nilimuuliza haoni uchungu kwa ukanda aliopoteza. Akanionyesha mzigo wa nyasi alioukata humo asubuhi, ukiwa tayari mgongoni mwa punda.

Nimeona miradi mingi ya kuokoa mazingira ikianzia pale uharibifu unapoonekana. Kwetu fedha na semina huenda kwenye ufuo na matumbawe, na sipingi. Lakini udongo unaoyafunika matumbawe ulipotea kwenye mteremko ambao mtaro wa siku chache za mwethya ungeuzuia, na watu wanaojua kuuchimba hawajapungua. Kinachopungua ni mikono: vijana wako Nairobi na Kitengela, na kikundi nilichochimba nacho kilikuwa na wachache sana walio chini ya miaka 40. Serikali za kaunti zilizo kwenye bonde la Athi, za juu na za chini, zingefanya jambo la maana kuwalipa watu hawa siku zao za kuchimba Agosti na Septemba, kuliko kusubiri kulipia uharibifu Desemba.

Nawe mwenye shamba la mfinyanzi, popote ulipo, usianze na jembe. Kanda udongo wako uone kama pete inakamilika, juu ya shamba na chini, maana huenda una mifinyanzi miwili bila kujua. Kisha subiri mvua kubwa, vaa mabuti, utoke nje ingali inanyesha, ukapige kigingi kila mahali maji yanapoingia na kila mahali yanapotoka. Nenda na jirani wa upande wa chini. Mkikubaliana maji yatatokea wapi, anza kuchimba kutoka juu.